Zile Zinazong'aa

"Marahaba, mwanangu. Nataka CD zote za rafu hii."

Muntasir alisimama ghafla, nusura kofia imdondoke. Tangu vijana wa Chumbageni waanze kulipia kifurushi cha mwezi na kucheza gemu zote mtandaoni, hakuna aliyeingia dukani kwake kununua hata moja. Wakipita, humsalimia kwa sauti ya chini, kama mfiwa.

"Wajukuu wanapenda zipi, mama? Za mpira au za vita?"

"Wajukuu gani? Nazipeleka shambani kwangu, Pangani. Ukizitundika juani, ndege hawasogelei mpunga."

Muntasir akashika ukingo wa meza. Mbele yake ilikuwapo gemu mpya ya mpira, ingali ndani ya nailoni. Aliwaagizia vijana walewale, waliozoea kusukumana mlangoni kila gemu mpya ilipofika.

"Na hiyo?" mama akauliza. "Haina hata mkwaruzo. Si ndiyo itang'aa zaidi?"

Muntasir akaichana nailoni kwa meno. Akaitoa CD, akaifuta taratibu kwa upindo wa kanzu, kama alivyomfutia kila mteja.

"Tundu la kamba lipo tayari, mama," alisema.