Kabla ya Mlipuko

Fundi cherehani aliliacha gauni la bibi harusi bila zipu. Msimu mpya wa tamthilia yao ya safari za angani ulikuwa umeanza, na yeye na mumewe walikuwa wameahidiana: sehemu ya kwanza wataitazama pamoja.

Mtoto alilala mapajani mwa baba yake. Kwenye runinga, nahodha wa chombo cha angani alielea kimya. Mume akanyanyua viganja taratibu, akamziba mtoto masikio.

Ndipo chombo kikalipuka.

“Mungu wangu!” mume akamaka. “Hilo sikulitarajia kabisa!”

Mkewe alivikodolea macho vile viganja. Akatoa pini mdomoni.

“Mume wangu,” akauliza kwa upole, “na huyo uliyeitazama naye kwanza, alishtuka hivyo hivyo?”