Zamu Iliyofutwa

Mwenye ufunguo wa kisima alipoona maneno hayatoshi, alikalia mfuniko wa koki na kukunja mikono. Anayetaka maji amwondoe kwanza pale, na mwili wake haukuwa wa kuondolewa na mtu mmoja.

"Ng'ombe wana kiu," mchungaji alisema.

"Nawasikia. Mimi si kiziwi."

Kundi lilikuwa limebanana kwenye birika tupu, likilamba saruji. Nyuma yake makundi mengine yalisubiri kwenye foleni, na wenye mifugo wakiwa kando. Hawakumtazama mchungaji, walimtazama mama wa ufunguo.

Kosa lilijulikana. Kijiji kizima kilikubaliana kupumzisha malisho ya bondeni mpaka nyasi zirudi, na kundi litakaloingia humo lifutiwe zamu ya maji. Mtafiti wa malisho aliwafunga ng'ombe kola shingoni za kuonyesha wanakopita, na leo simu yake ilionyesha kundi hili lilikuwa bondeni tangu alfajiri.

"Ni upepo uliofungua lango," mchungaji alijitetea.

"Na upepo huo ulikuwa na fimbo mkononi?"

Mtu mmoja kwenye foleni alikohoa kuficha kicheko.

Mtafiti, mgeni wa juzi tu, roho ilimsuta. Alimwona ng'ombe mmoja mwenye mimba, miguu inamtetemeka.

"Mama, tuwape kidogo tu. Mimi nilitafuta takwimu, sikutaka kuua ng'ombe wa mtu."

"Sheria ni msumeno, mwanangu. Nikiwapa hawa, kesho bonde lote litajaa ng'ombe. Nyasi zikiisha tutahamia wote hapa kisimani, tukikomba hadi tope."

"Na mwenye ng'ombe akija kufanya fujo?"

"Aje. Namjua vizuri. Ana maneno mengi, lakini akishayasema anatulia."

Mchungaji alitazama chini. "Mtoni ni mbali," alisema taratibu. "Huyu mwenye mimba huenda asifike."

Kila mtu alikuwa akimtazama ng'ombe yule isipokuwa mama. Moyo ulimuuma kweli, na kadiri ulivyouma ndivyo alivyozidi kujibweteka pale juu ya mfuniko. Mkutanoni ni yeye aliyeshikilia kwamba adhabu isiwe na huruma, na wenye sauti nzito walimcheka wakasema mwanamke ataweza wapi. Basi leo wamtazame mpaka wachoke.

Mwishowe mchungaji alikata tamaa, akapiga mluzi na kuligeuza kundi. Lilijikokota kuelekea njia ya mtoni, yule mwenye mimba akiwa nyuma kabisa.

Hapo ndipo mama aliposimama. Alimkabidhi ufunguo mzee aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akamwambia afungue maji, zamu ni yake. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akamfuata mchungaji na kumnyooshea mkono.

"Nipe fimbo," alisema. "Ng'ombe wangu nawapeleka mtoni mwenyewe."