Kauli ya Mjumbe wa Vidunda

Makofi yalipolipuka kwenye kompyuta, mama wa Vidunda aligeuka kumtazama mkalimani wake.

"Wanashangilia nini, mwalimu?"

"Wamefurahi kukusikia, mama," alijibu Makarius, huku macho yake yakikimbilia dirishani, ambako malori ya Iringa yalikuwa yamejipanga kando ya barabara.

Walikuwa katika ukumbi mdogo wa nyumba moja ya wageni pale Mikumi, kwa kuwa mlimani Vidunda mtandao haukuaminika. Kwenye kioo cha kompyuta zilionekana nyuso kutoka kila bara: mwashi, muuguzi, fundi viatu, mwanafunzi. Hawakuteuliwa na serikali wala chama. Walikuwa wajumbe wa baraza la raia wa dunia, waliopatikana kwa bahati nasibu ili watu wa kawaida nao waseme jinsi dunia inavyopaswa kuongozwa, na mapendekezo yao yangefikishwa mbele ya mkutano wa mataifa. Swali la siku hiyo lilikuwa moja: je, dola chache ziendelee kuwa na kura ya turufu, ile ambayo mwenye nayo akisema hapana, ndiyo ya wengine wote hufutika?

Kwa Tanzania, bahati ilimwangukia Teresia, mkulima wa maharage. Mjomba wake, mzee Simoni, ndiye aliyeshuka na mama siku ya kwanza na kumtambulisha kwa wahusika kwa jina hilo. Tangu hapo hakukosa kikao, akiketi nyuma kabisa, kofia yake gotini. Mama mwenyewe alikuwa mpole, mzito wa kusema. Hata alipoitwa kwa jina alichelewa kuitika, na Makarius alidhani ni woga wa mashine.

Zamu yake ilipofika alisema kwa ufupi, akitazama meza.

"Kwetu ukoo una mjomba. Sote tukisema ndiyo, naye akasema hapana, ni hapana, na mambo yanakwenda. Hizo dola ziachiwe kura yao."

Makarius alikuwa amefundisha chuoni, mwaka baada ya mwaka, kwamba kura hiyo ndiyo donda ndugu la uongozi wa dunia. Alifungua kinywa ili atafsiri. Kwa Kiingereza chake safi, wajumbe walisikia kwamba ukoo wa mama huyu una mjomba, na kwamba wote wakisema ndiyo, naye akasema hapana, ni hapana. Kwamba ameishi chini ya hapana hiyo maisha yake yote. Na kwamba anawasihi wasiipe dunia wajomba.

Hapo ndipo makofi yalipolipuka.

Njiani kurudi kwake Kilosa, Makarius alijaribu kujiambia kwamba ulimi uliteleza. Lakini ulimi unaoteleza hugugumia, na wake ulikuwa umenyooka kama wa mhubiri.

Pendekezo la kuifuta kura ya turufu lilipita kwa tofauti ndogo sana, na wajumbe kadhaa walikiri kuwa mama wa Vidunda ndiye aliyewageuza. Baada ya siku chache waratibu wa baraza walimwandikia Makarius. Waliomba mama huyo arekodiwe akiyarudia maneno yale kwa lugha yake, kwa sababu ndiyo yangeufungua mkutano wa mataifa.

Makarius hakuijibu barua hiyo. Mkewe, Odilia, alipombana akamweleza yote.

"Kwa hiyo umempindua mwanamke wa watu kwa ajili ya demokrasia," alisema Odilia, akijaribu kumchekesha.

Hakucheka. Alisema kwamba miaka yote amelilia mnyonge apewe sauti, na mnyonge wa kwanza kupewa sauti mbele yake, yeye ndiye aliyempokonya. Odilia akamkumbusha kwamba akilisema hilo hadharani pendekezo litaanguka, na jina lake pamoja nalo. Hilo alikuwa amekwisha kulipima. Asubuhi alipanda basi, kisha bodaboda iliyompandisha hadi mlimani Vidunda.

Mzee Simoni hakuwepo. Alikuwa ameshuka Kidodi msibani. Makarius alimwamkia mwenyeji wake shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kigoda. Dada wa mama yule, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyoinama, alileta chai, akabaki amesimama na birika mkononi.

Makarius hakugusa kikombe. Alikiri kwamba siku ile Mikumi hakutafsiri, alitunga. Kisha akayarudia maneno aliyoyatunga, safari hii kwa Kiswahili, neno kwa neno, asijiachie hata moja la kujisitiri.

"Msiipe dunia wajomba," alimalizia.

Yule dada alijifuta shavu kwa upindo wa khanga. Makarius aliliona chozi hilo, akalihesabu kuwa hasira juu yake, akaona ni haki.

"Nitawaandikia leo hii, mama," alisema. "Nitawaambia kwamba sauti ya Teresia wa Vidunda ilipotoshwa, na kwamba uamuzi wao haufai. Na wewe ukitaka kunishitaki, sitajitetea."

Mwenyeji wake alimtazama dadaye kwa muda mrefu, kama anayeomba ruhusa. Dadaye akatikisa kichwa kukubali.

"Usiandike hivyo, mwanangu. Utakuwa umewadanganya mara ya pili."

"Kivipi, mama?"

"Mimi ni Agatha. Teresia ni huyu anayekumiminia chai. Ukoo mzima tulikubali aende. Mjomba peke yake alisema hapana, akanipeleka mimi kwa jina la dada, kwa kuwa alijua yeye akifika huko atasema hayohayo uliyoyasema wewe."