Vazi la Watu wa Mlimani

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni kabla hajasema neno. Ya pili ilimwangusha juu ya meza ya soda.

"Nilikuonya," fundi mkuu alisema. "Nilikuonya mbele ya watu."

Na kweli, wiki hii alimwonya mtunza stoo. Kwenye sherehe ya mavazi ya mwaka jana, mtunza stoo alikuja ukumbini hapo kiwandani amejipaka udongo mwekundu uso mzima, shanga shingoni, ngozi begani, akirukaruka na kubweka eti yeye ni mtu wa mlimani. Watu walicheka hawana mbavu. Mhasibu, ambaye ni binti wa huko huko mlimani, alijifungia chooni akalia. Mwaka huu mhasibu ni mchumba wa fundi, na wiki nzima mtunza stoo alikuwa akitamba kwamba kwenye sherehe ya leo vazi ni lile lile, asiyetaka afumbe macho. Jamani, kuna watu hawana haya.

Fundi alikuwa roho juu tangu asubuhi. Baba mkwe, ambaye hajawahi kumwona, alikuwa njiani kuja kumtazama na kutoa jibu. Akikataa yeye, hakuna ndoa. Mhasibu alisema mzee atakuja amevaa rasmi, kwa hiyo fundi alimwagiza mlinzi akiona mzee wa suti na tai amlete mbio. Sasa mzee wa watu aingie akute ukoo wake umefanywa kichekesho? Thubutu.

Alimkanyaga kifua. Shanga zilikatika zikatawanyika sakafuni. Aliichana ile ngozi, akampiga mateke ya mbavu, na wenzake hawakumzuia. Mmoja alisema mwacheni amtie adabu. Aliyelala chini alikohoa damu tu.

"Leo utaonyesha sura yako," fundi alisema, akammwagia jagi la maji usoni na kuusugua udongo kwa kitambaa cha meza.

Mlango ulifunguliwa. Mtunza stoo aliingia na kreti ya soda, bado yuko kwenye nguo za kazi, akauliza kulikoni.

Fundi alitazama chini. Udongo ulikuwa umetoka, na uso ulikuwa wa mzee, makunyanzi matupu. Mzee alitema jino, akajifuta mdomo.

"Samahani, mwanangu," alisema. "Namuulizia binti yangu, mhasibu wa hapa."