Mpasho wa Krismasi

"Wanaotaka DJ, mikono juu," Bwana Elijah, meneja wa wafanyakazi, alisema. Mikono miwili ikainuka ndani ya chumba cha dobi: wa mpishi na wa Cynthia.

"Wanaotaka taarabu?"

Hasina aliinua wake kabla swali halijaisha. Mwero wa bustanini akafuata. Wa tano katika kamati ya sherehe ya Krismasi alikuwa Fauzia, ambaye yeye na Hasina walikuwa chanda na pete. Alimaliza kwanza kukunja shuka, akalipiga kofi likae sawa, ndipo akainua mkono.

"Haya, taarabu imeshinda."

"Ai, taarab na Krisi wapi na wapi?" Cynthia alilalamika. Alikuwa mtu wa bara, kazi yake kugawa taulo kwenye bwawa la kuogelea. "Si mniletee DJ tu, mimi nataka kudance!"

Hasina hakuwa amemjibu neno tangu mwezi wa kumi.

Hoteli za Diani huajiri kwa msimu. Wageni wakiondoka mwezi wa nne, wafanyakazi nao hupelekwa nyumbani wakakae wakihesabu siku. Pale dobi, asiyerudishwa nyumbani ni msimamizi peke yake, na nafasi hiyo ilikuwa iwe ya Hasina. Bwana Elijah alikuwa ameshamwambia alete picha na nakala ya kitambulisho. Kisha mtu akamchongea kwamba anafua nguo za nyumbani kwake kwa mashine za hoteli. Uongo angeupuuza. Lakini ilikuwa kweli: mara moja tu, maji yalipokatika Ukunda siku tisa, alileta sare tatu za shule za wanawe. Nafasi ikaondoka, na wakaambiwa jina la msimamizi mpya litatangazwa Januari.

"Ni yule wa taulo," Fauzia alimwambia siku ile, akimfuta machozi kwa kitambaa cha mezani. "Alipita mlangoni sare zikizunguka kwenye mashine. Mimi si nilikuwa nawe pale pale? Nilimwona alivyotazama."

"Nitamwendea nimuulize."

"Umuulize ili akane? Wewe mtu wa Msambweni, shoga yangu, umesahau mambo ya kwetu? Muulize kwa wimbo."

Hasina hakuwa amesahau. Alikulia kwenye harusi. Mwimbaji huimba maovu ya mtu asimtaje jina. Wewe unainuka, unamtuza mwimbaji, unakwenda taratibu mpaka mbele ya unayemkusudia, unamwekea kidole chini ya pua watu wote wakitazama. Hapo hakuna wa kukana. Ndiyo sababu Hasina, ambaye Krismasi si sikukuu yake na ambaye mikutano humtia usingizi, aliipigania ile taarabu kama anayepigania shamba la baba yake.

Kundi lilikuwa la Kombani. "Niachie mimi," Fauzia alisema, "mwimbaji wao namjua." Alikwenda mara mbili, na mara ya pili alikawia hadi magharibi. Akarudi anacheka. "Wametunga kabisa. Wewe kaa mkao wa kula."

Krismasi ya wafanyakazi hufanywa mapema, kabla vyumba havijajaa. Mwaka huo iliangukia Jumatano, saa tisa alasiri, zamu ya chakula cha mchana ilipokwisha. Kulikuwa na pilau, soda, na mti wa plastiki ulioinamia upande mmoja. Bi Rai, mwimbaji, aliketi kitini na kipaza sauti chake, akanywa maji, akaanza.

*Mchongezi ulimio, wafika usikotumwa...*

Miezi miwili Hasina alikuwa ameingojea saa hii. Aliinuka, akamtuza Bi Rai, akaenda akiyumba kwa mwendo wa ngoma mpaka meza ya watu wa bwawa, akamwekea Cynthia kidole chini ya pua. Wanawake wa pwani, waliojua kinachoendelea, wakapasua vigelegele.

Cynthia akakishika kile kidole kwa mikono miwili, akaruka kutoka kitini.

"Unaniita tudance? Waah! Kumbe taarab iko sawa!"

Akamzungusha Hasina mara mbili, watu wakacheka hadi kushika mbavu. Kisha akamkumbatia, akamwambia sikioni, "Nilidhani umeninunia, surely. Na vile nilienda kwa bosi nikamwambia hiyo story ya nguo ni upuzi, akupe tu kazi yako."

Hasina alirudi kwenye kiti chake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mtu asiyejua hata kwamba ametukanwa, tena aliyemtetea! Aligeuka amuulize Fauzia. Kiti cha Fauzia kilikuwa kitupu.

"Wimbo wa pili," Bi Rai alisema, "umeombwa na mwenzenu wa hapa hapa, wa dobi. Anamtumia shoga yake kipenzi."

*Cheo nimepewa mimi, mwenye wivu na alie...*

Fauzia alitokea nyuma ya wapiga ngoma, mdomo umekolea rangi nyekundu. Akamtuza Bi Rai, akaanza kuja polepole, kiuno kikiifuata ngoma. Meza ya Cynthia aliipita bila kuitazama. Alipofika mbele ya Hasina alisimama, akatabasamu, akanyoosha kidole.