Mkanda wa Kapteni

Badi alikuwa na ukuta mzima wa mikanda ya upanga ya maofisa wa zamani, na hakuwahi kuvaa hata mmoja. Huu wa marehemu kapteni, aliokuja kuuomba nyumbani kwa mjane wake, aliutamani kuliko yote.

"Uvae kwanza," alisema Bi Somoe, mjane wa kapteni. "Nikikuona nao, ndipo nitajua kama naweza kuuachia."

"Mama, ngozi kuukuu haivaliwi. Itakatika."

"Basi nenda zako, mwanangu. Mkanda si ngozi ya nyoka ya kutundika ukutani."

Badi akajifunga. Bizimu ya shaba ikagoma.

"Hata marehemu tumbo lilimshinda!" Bi Somoe akacheka, akainama kumsaidia kukaza.

Ngozi ikalia, ikashika. Kicheko kikaisha, lakini vidole vya mjane vikabaki juu ya bizimu, na Badi hakuthubutu kupumua.