Sura ya Siwema Ukutani

Siku hizi mtu asiyezalisha hukatiwa maji. Mke wangu Siwema alipougua, Bwana Lugendo wa ofisi ya maji alikuja mwenyewe kufunga mfereji. Siwema akafa midomo imemkauka.

Mimi sikusoma, lakini nilichimba kisima, nikapanda mchicha na bamia, nikapaka kuta rangi. Wengine waliokatiwa maji wakajiunga nami, na sasa kituo chetu kinajilisha chenyewe. Sharti ni moja tu: huchoti maji kabla hujalima au kuchora.

Juzi Lugendo alistaafu, naye wakamkatia. Leo asubuhi kaja na ndoo.

“Mzee Shomvi, kaka yangu, maji tu.”

“Karibu, mheshimiwa. Mchore Siwema ukutani pale. Ukimaliza sura yake, utakunywa.”

“Rangi iko wapi?”

Nikampa brashi na kopo la maji niliyoyatia chumvi asije akayanywa. Ukuta unatazama jua. Akifika kwenye macho, kidevu kimeshakauka, anaanza upya. Mimi namwagilia mchicha polepole, asikie.

“Mzee, inatosha,” wenzangu wakasema. Nikacheka.

Alasiri akaanguka. Nikainua macho. Chumvi ilikuwa imebaki ukutani, nyeupe: Siwema, midomo imemkauka, ananitazama mimi.